Nimempigia mume wangu hesabu ya njiwa wake, sasa nyumba imepoa

MamaNuru_Tanga

Habari za jioni wapendwa. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, hili jambo nimelibeba wiki ya pili sasa na ndugu zangu sitaki kuwaambia maana watalikuza.

Mume wangu anafuga njiwa. Si wa kuchinja, ni njiwa manga wa kuangalia tu, kwa sasa anao 38, banda liko nyuma ya nyumba hapa hapa Ngamiani limenyanyuliwa juu kwa nguzo. Wakati ananioa nilimkuta nao sita, kwahiyo siwezi kusema nilifichwa. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Akirudi kazini saa kumi na moja hata maji ya kunywa hajashika anapanda ngazi anawafungulia, wanaruka wanazunguka mtaa kundi zima na yeye amesimama chini shingo juu mpaka inakaribia magharibi, wakirudi anawahesabu mmoja mmoja kwa majina. Ndiyo, wana majina.

Sasa mwaka huu kazi zimepungua, watu hawajengi, na mimi cherehani yangu wateja wanakuja sikukuu zikikaribia tu. Nikaamua kuandika. Nikachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa nikawa naandika kila kinachotoka kwenda kwa njiwa, Januari mpaka Aprili. Chakula peke yake, mahindi na mtama, kama kilo 40 kwa mwezi, inaenda elfu 50, kwa miezi minne laki mbili. Dawa na vitamini na chanjo 28,000. Waya na mbao za kurekebisha banda 115,000. Halafu mwezi wa tatu akaleta jozi moja kutoka Dar ambayo aliniambia amepewa na rafiki, kumbe kainunua 90,000, hilo nililijua baadae kwenye meseji ya simu. Jumla 433,000. Aliuza njiwa sita kwa 12,000 kila mmoja, ni 72,000. Ukitoa inabaki 361,000. Ada ya mtoto wetu wa chekechea kwa muhula ni 350,000.

Mnaona nilipofika. Siku hiyo nilikuwa nimechoka, umeme umekatika nina nguo ya mtu sijamaliza, nikamwekea daftari mezani pamoja na chakula nikamwambia njiwa wako wamekula ada yote ya mtoto na wamezidisha kidogo. Alisoma ukurasa mzima. Hakugomba. Akaniuliza kitu kimoja, "kwahiyo kila ninachokipenda lazima kinilipe?" halafu akaenda kulala bila kula.

Tangu siku hiyo anawafungulia asubuhi kabla hajaenda kazini na jioni hapandi tena. Anakaa ndani. Jumamosi alikuja kijana akaondoka na njiwa wanne kwenye boksi, sikuuliza ameuza au amegawa. Nyumba imepoa. Na kusema ukweli ada ilishalipwa, matumizi ya nyumbani anaacha kila siku, hanywi, havuti. Nimekosea wapi? Au sijakosea? Mtu mwenye familia ana uhuru wa kiasi gani kwenye pesa ya kitu anachokipenda yeye peke yake?

---

Dalali_Mbagala

Hujakosea dada. Hesabu haina huruma na ndio maana watu hawaipendi. 361,000 ni bati ngapi hizo? Mimi nina kanuni moja, kitu kinachokula pesa kila siku lazima kirudishe, kama hakirudishi ni mzigo uite jina lolote. Na kama anawapenda kweli awe siriasi, afuge wale wa mashindano. Ubelgiji mwaka 2020 njiwa jike anaitwa New Kim aliuzwa mnadani euro milioni 1.6, njiwa mmoja huyo, akanunuliwa na Mchina. Kwahiyo pesa kwenye njiwa ipo, shida ni yeye kufuga bila malengo. Mgeuze awe mfanyabiashara, ugomvi utaisha wenyewe.

---

Abuu_Majengo

Mie nafuga njiwa hapa Mombasa mwaka wa 22 huu, na hiyo habari ya New Kim ndio naambiwa kila mara na watu waliotaka kunisaidia. Ndugu yangu Dalali, nia yako njema lakini hapo umemkaba shemeji vibaya zaidi ya mkewe. Yule njiwa wa Ubelgiji ana nyuma yake vilabu, vipimo vya mbio, vyeti vya wazazi mpaka wa mababu, na mnada ambao mabwanyenye wa dunia nzima wanafika dau. Huku kwetu mtu anauza jozi apate gunia la mtama. Sasa ukimtetea mfugaji kwa kusema "italipa siku moja", siku ambayo haikulipa umemwacha hana neno la kusema. Mie sijawahi kumwambia mke wangu njiwa watatutajirisha. Nilimwambia hivi, mimi nikitoka bandarini kichwa kinavuma kama injini, nikiwaona wale wakigeuka pamoja juu ya paa jua linawapiga kwa chini ya mbawa, kichwa kinatulia. Basi. Hicho ndicho nanunua na mahindi yangu.

Na kuna elimu pale ambayo mtu akipita nje haioni. Njiwa anataga mayai mawili, wanaatamia siku 17 au 18, na wanapokezana, dume anakaa kuanzia asubuhi kama saa nne mpaka alasiri halafu jike anapokea mpaka kesho yake. Makinda siku za mwanzo hayali nafaka, yanalishwa kitu kama jibini laini kinachotengenezwa kwenye gole la wazazi, ule mfuko wa chakula ulioko kooni, na baba anatoa vilevile kama mama. Wanangu wote wamejua mambo ya kulea hapo kabla hawajayasoma shuleni. Sasa shemeji anayepanda saa kumi na moja hachezi, saa ile ndio unaona nani hakurudi, nani kakunja shingo, nani ana kinyama kinywani. Kideri, ule ugonjwa wa kuambukiza wa ndege, kikiingia kwenye banda ukachelewa siku tatu umepoteza nusu yao.

Na ile waya ya laki na kitu mama Nuru usiihesabu kama anasa. Pwani yote hii tuna kunguru wa Kihindi, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakasambaa, wanaingia bandani wanakunywa mayai na kuburura makinda hai. Asiyeweka waya anafugia kunguru.

Lakini nitakwambia na upande wa pili kwa haki. Jozi ya 90,000 aliyosema kapewa, hapo kakosea yeye, na kakosea sana. Mtu akianza kuficha bei ya kitu anachokipenda ujue mwenyewe keshajiona ana hatia, na hatia hiyo ndio inaharibu kuliko hiyo pesa. Mlipasa kukaa mkubaliane kiasi, ndani ya kiasi hicho asiulizwe, nje ya kiasi hicho asifiche.

---

Mhasibu_wa_Wilaya

Nafanya kazi ya hesabu kwahiyo naomba niseme kama mtu wa fani, maana hapa hesabu imesingiziwa. Dada daftari lako limeandikwa vizuri kuliko ya ofisi nyingi nilizokagua, lakini jumla yako ina makosa mawili makubwa.

Kwanza waya na mbao. Banda likitengenezwa vizuri linakaa miaka minne bila kuguswa. Huwezi kuitupia miezi minne mzigo wote wa 115,000. Ukiigawa kwa miezi 48 inakuwa kama 2,400 kwa mwezi. Pili ile jozi ya 90,000 haijaliwa, iko bandani inapumua, na inaweza ikauzwa kesho. Hiyo ni mali sio matumizi (kuficha bei ni jambo jingine, na hapo nakubaliana na Abuu moja kwa moja).

Kwahiyo kwa mwezi ni chakula 50,000, dawa 7,000, banda 2,400, toa mauzo 18,000. Inabaki 41,400. Wewe kwa hesabu yako ulimwonyesha 90,250 kwa mwezi. Ulimshtaki kwa zaidi ya mara mbili ya alichotumia.

Halafu kuna hili linalonisumbua zaidi kuliko namba. Ulilinganisha na ada. Kwanini ada? Ada ilishalipwa umesema mwenyewe. Ungeweza kulinganisha na chochote, ukachagua mtoto. Ukishaweka kitu anachokipenda mtu upande mmoja na mtoto wake upande wa pili hakuna kinachoweza kushinda, hata chai ya asubuhi itashindwa. Ile haikuwa hesabu tena, ilikuwa hukumu imevaa nguo za hesabu. Mimi hii nimeifanya kwa mdogo wangu na mambo yake ya kamera, nilimtengenezea jedwali kwenye kompyuta kabisa, alikaa mwaka mzima hanitumii picha hata moja, na picha zake nilikuwa nazipenda.

Hesabu inajua kujibu swali "imegharimu kiasi gani". Haijui kujibu "ina thamani gani kwake". Hilo la pili lazima umuulize mwenyewe.

---

Mwana_wa_Kibosho

Naona mnakwenda upande mmoja sana ngoja niseme na mimi. Baba yangu alikuwa na Land Rover ya zamani, Series III. Haikuwa ya kazi, ilikuwa ya kuipenda. Aliuza ng'ombe wawili wa maziwa kununua gia boksi. Tulikuwa watoto watano, maziwa tuliyokuwa tunakunywa na mengine mama anauza ndiyo yalikuwa sabuni na daftari zetu. Hakuna aliyemuuliza, maana ilikuwa "gari yangu pesa yangu". Dada yangu mkubwa hakumaliza shule. Gari iliwaka miezi saba ikasimama tena, mpaka leo iko chini ya mparachichi.

Uhuru wa mtu mmoja ulilipwa na watu sita. Kwahiyo mnaposema mwache mtu na anachokipenda mimi nauliza kwanza nani anayelipa. Kama analipa yeye kwa kupunguza cha kwake, hata akifuga nyoka ni sawa. Kama analipa aliyekaa kimya jikoni, hapo ana haki ya kuleta daftari na alete na kalamu nyekundu.

Dada Mama Nuru kwa maelezo yako mumeo hajafika huko, anaacha matumizi na ada kalipa. Ila usikubali mtu akwambie kuandika kulikuwa dhambi. Mama yangu kama angeandika mapema labda baba angeona.

Na kitu kingine hamjakigusa, gharama isiyo ya pesa. Mavi ya njiwa yanaenda wapi? Kama mnavuna maji ya mvua kwenye paa hayo mnakunywa? Majirani wakianika nguo je? Vumbi la mavi makavu linaharibu mapafu, upo ugonjwa kabisa wa wafuga njiwa unaotokana na kuvuta vumbi hilo miaka na miaka. Hapo ndipo ningembana.

---

Bint_Mikindani

Nimesoma nikajikuta nalia, nitaandika haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa mshipi, wa kupenda tu, kazi yake nyingine kabisa. Jumapili na siku za bamvua usiku. Chambo, mafuta ya kuchangia boti, ndoana, mishipi inayokatika. Nikampigia hesabu kama wewe, nikamwonyesha kwamba kilo ya changu anayoleta inatugharimu mara tatu ya bei ya soko la samaki la feri. Ilikuwa kweli kabisa. Na yeye ni mtu wa kusikia, akaacha.

Hakuanza pombe wala wanawake, msinielewe vibaya. Aliacha tu. Pesa ile sijui ilikwenda wapi maana sikuiona ikiongezeka mahali popote, iliyeyuka kwenye vocha na nauli na vitu vidogo. Jumapili sasa analala mpaka saa tano, na simu. Zamani alikuwa anajua maji yanajaa saa ngapi kila siku ya mwezi bila kuangalia popote, anamwambia mtoto wetu wa kiume leo maji mafu hatwendi, anamfundisha huyu tasi huyu kolekole, mapezi yake yakoje, usishike hapa utachomwa. Yule mdogo aliyezaliwa baada ya hapo hajui samaki hata mmoja zaidi ya waliokaangwa. Hiyo sikuiandika kwenye hesabu yangu kwasababu sikujua kama ni mali yetu.

Mwaka jana nilimnunulia mshipi mpya na ndoana za saizi mbalimbali, nikamfungia kama zawadi. Alinishukuru vizuri. Ameutundika ukutani.

Wewe una wiki mbili tu. Panda hiyo ngazi.

---

Dalali_Mbagala

Bint Mikindani pole sana. Nimesoma mara mbili. Bado naamini pesa ya familia lazima ijulikane inakwenda wapi lakini lile neno la kumgeuza mfanyabiashara nalirudisha.

---

Shabani_K

Swali moja tu kwa dada na naomba asikasirike. Sare za harusi, michango ya kitchen party, zawadi za arobaini, hizo uliziandika kwenye daftari lilelile?

---

MamaNuru_Tanga

Nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya siku tatu, nilikuwa nawasoma wote.

Shabani sijakasirika ila swali lako lilinikosesha usingizi. Sikuandika. Nilikaa nikazikumbuka, kwa miezi ileile minne sare mbili za 45,000, mchango wa kitchen party wa mtoto wa dada 50,000, na arobaini moja 20,000. Ni 160,000. Ukigawa ni 40,000 kwa mwezi. Mhasibu anasema njiwa ni 41,400. Nilipoona zinavyokaribiana nilifunga daftari. Mtu anaweza kusema michango ni lazima, ukitoa unatolewa, na ni kweli, lakini sare ya pili sikulazimishwa na mtu, niliipenda ile rangi na nilitaka kukaa na wenzangu nikapendeza. Hakuna aliyeniuliza hiyo sare itarudisha kiasi gani.

Jana nilipanda ngazi. Miaka saba ya ndoa sijawahi kupanda, niliogopa itakatika. Alikuwa anakwangua mavi kwenye mbao, nikamwambia lowesha kwanza na funga kitambaa puani, akashangaa nimejulia wapi. Tukakaa juu pale mpaka giza. Nilimwomba radhi kwa kumtaja mtoto, hilo tu, hesabu yenyewe sikuiombea radhi na nilimwambia hivyo. Yeye akaniambia ya jozi ya Dar bila mimi kumuuliza. Alisema aliona aibu kwasababu mwezi ule mimi nilikuwa nashona mpaka saa sita usiku. Nilimwambia bora ungesema ningekasirika siku moja tukamaliza.

Tumekubaliana elfu 40 kwa mwezi, ikizidi ananiambia kabla. Mimi na sare nimejiwekea kiwango, hilo nimelisema mwenyewe hakuniomba. Wale wanne waliondoka kwenye boksi alimgawia kijana wa fundi mwenzake, sikuweza kumwambia awarudishe ingawa roho iliniuma, maana mmoja nilikuwa namjua, yule mweupe mwenye miguu ya manyoya. Suala la maji ya mvua bado hatujaelewana, yeye anasema tenki lina mfuniko, mimi nasema paa halina. Hilo tutagombana nalo tena naona, ila kwa sasa maji ya kunywa nachemsha na kuchuja kama mwanzo.

Shida iliyobaki ni kwamba anataka wasizidi 30 ili chakula kitoshe kwenye hiyo 40, na anashindwa kuchinja wala kutupa mayai. Kaka Abuu huwa mnafanyaje ili wasiongezeke?

---

Abuu_Majengo

Alhamdulillah, umenifurahisha sana dada. Sasa sikiza, asitupe mayai kwa kuyaondoa, akiyaondoa jike atataga mengine ndani ya siku kumi na wanachoka, mwili unamalizika madini. Ayachukue mapema, siku ya kwanza au ya pili baada ya yai la pili kutagwa, ayachemshe dakika kumi, yapoe kabisa, ayarudishe tundu lilelile. Ayawekee alama ya penseli asije akasahau yapi yamechemshwa. Wataatamia mpaka wakate tamaa wenyewe kama wiki tatu hivi, hapo wamepumzika na idadi imebaki ileile. Jozi mbili anazozipenda zaidi awaachie watotoe mara moja kwa mwaka, asijinyime yote. Na awape maganda ya chaza yaliyosagwa, huko Tanga ufukweni yapo bure, waende na mtoto kuokota.

Hiyo jozi ya Dar ni ya aina gani, wale wa kupinduka hewani au wenye mkia wa kufunguka kama pepeo? Mwambie shemeji apige picha.